Kubweteka kazini: dalili, chanzo, na namna ya kurekebisha

Kuna msemo mmoja unaoua: "ajali haina kinga." Husemwa msibani, husemwa wodini, na mara nyingi anayeusema ni mtu aliyeiona kinga ya mashine ikining'inia kwa waya tangu mwezi uliopita. Ajali nyingi za kazini zina kinga. Kinachotokea ni kwamba kinga ile ilivuliwa kidogo kidogo, kila mara kwa sababu inayoeleweka, na kila mara hakikutokea kitu.

Hapo ndipo kubweteka kunapozaliwa. Mtu akiruka hatua mara moja asiumie, akili inaandika kwamba hatua ile haikuwa na kazi. Akiiruka mara mia, ndio umeshakuwa utaratibu, na mgeni akija anafundishwa hivyo hivyo. Mipira ya kuzibia viungo vya roketi za vyombo vya anga vya Marekani ilirudi ikiwa imeliwa na moto katika safari kadhaa kabla ya Challenger kuteketea tarehe 28 Januari 1986 na watu 7 waliokuwamo. Kila safari iliyorudi salama ilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba kuliwa kule kunavumilika, kumbe lilikuwa onyo lililokuwa likirudiwa.

Mwongozo huu unakuchukulia kubweteka kama hitilafu ya mtambo: kuna dalili, kuna chanzo, kuna njia ya kuthibitisha chanzo, na kuna matengenezo. Mabango ya "Usalama Kwanza" hayamo, kwa sababu hayajawahi kurudisha kinga kwenye mashine.

## Kabla ya kushika chochote

Chagua kazi moja, si kiwanda kizima. Chukua utaratibu wake ulioandikwa, simama pembeni dakika 20 kazi ikifanyika, na weka alama kwenye kila hatua iliyorukwa au iliyofanywa vingine. Usiseme kitu. Kazi ikiisha, muulize aliyeifanya: "Fundi, hatua hii ukiifuata kama ilivyoandikwa, inakusumbua wapi?" Ukimuuliza "kwa nini hukufuata?" utapata jibu moja tu, "samahani bosi," na utaondoka hujui kitu.

Rudia zamu nyingine, ikiwezekana ya usiku. Hatua ikirukwa na mtu mmoja, zungumza na huyo mtu. Ikirukwa na wote, basi utaratibu wenyewe au mazingira ndiyo mabovu, na ukimwadhibu mmoja utakuwa umewafundisha wengine kuiruka ukiwa haupo.

## Dalili: karatasi za ukaguzi zina tiki zote, kasoro hakuna

Hii ndiyo dalili rahisi kuliko zote kuipima, kwa sababu ushahidi umehifadhiwa kwenye faili. Toa karatasi 60 za mwisho za mashine moja yenye umri. Tafuta kasoro iliyoandikwa. Kama hakuna hata moja, ujue karatasi ile haiangalii mashine. Tazama pia mwandiko: tiki za wiki nzima zikiwa za wino mmoja, mkono mmoja na mteremko mmoja, zilipigwa kwa mkupuo. Mwisho, pima muda. Vipengele 35 haviwezi kukaguliwa ndani ya dakika 3 ambazo dereva anapewa kati ya kupokea funguo na kuanza kubeba mzigo.

Chanzo huwa kimoja kati ya vitatu. Ama orodha ni ndefu mno, imechanganya breki na usafi wa kioo kana kwamba vina uzito mmoja. Ama kasoro zilizoandikwa zamani hazikutengenezwa, kwa hiyo watu waliacha kuandika. Hiki ndicho kinachokutwa zaidi, na karatasi za miaka miwili nyuma zitakuonyesha kasoro ileile ikiandikwa mara tano, sita, kisha ikapotea bila kutengenezwa. Ama anayeandika kasoro ndiye anayeadhibiwa, kwa kunyimwa mashine na kulaumiwa kwa kuchelewesha kazi.

Matengenezo yanaanzia kwenye kalamu: kata orodha ibaki na vitu 6 hadi 8 vinavyoweza kuua au kulemaza, na badala ya tiki, dai namba. Tiki hupigwa hata mtu akiwa kantini. Namba inamlazimu aende akasome.

Chukua meno ya foklifti kama mfano. "Meno yako sawa?" ni swali la tiki. Swali la namba ni hili: unene wa kisigino ni milimita ngapi? Kisigino ni pale jino linapokunja kutoka wima kwenda mlalo, ndipo linapobeba mzigo wote na ndipo linapolika kwa kuburuzwa sakafuni. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) sehemu ya wima, ambako halisuguliki na chochote, huo ndio unene wake wa asili. Kisha pima kisigino. Kikiwa kimepungua kwa asilimia 10, jino linatolewa kazini. Jino la milimita 40 lililobaki 36 limefika mwisho, hata kama kwa macho linaonekana zima, na halichomelewi kuongezwa unene. Asilimia 10 hiyo ya unene inaondoa takribani asilimia 20 ya uwezo wa kubeba, kwa sababu nguvu ya chuma dhidi ya kupinda hupungua kwa mraba wa unene. Dereva akielewa hesabu hiyo mara moja, hahitaji kukumbushwa.

Kwenye mtungi wa kuzima moto, andika tarehe ya ukaguzi wa mwisho na mahali mshale wa kipimo ulipo. Kwenye kompresa, andika presha inayosomeka. Na kasoro yoyote iliyoandikwa ipate jibu kabla zamu haijaisha: imetengenezwa, imeagizwa, au mashine imefungwa. Jibu la nne halipo. "Tutaangalia" ndilo lililoua orodha ya kwanza.

## Dalili: kinga imevuliwa, au swichi ya kinga imeungwa direkti

Tafuta vitu hivi kwa macho: sumaku iliyofungwa na gundi ya karatasi juu ya sensa ya mlango, ulimi wa ziada wa swichi ukiwa umechomekwa daima kwenye tundu lake, nati nne za kinga zikiwa zimebaki mbili, au kinga iliyoegeshwa ukutani ikiwa na vumbi kuliko mashine yenyewe. Vumbi ndiyo kalenda yake.

Usianze kwa kuirudisha. Ukiirudisha leo bila kuondoa sababu, kesho haipo. Hesabu kwanza: kwa zamu moja, kinga hiyo inahitaji kufunguliwa mara ngapi, na kwa nini? Ikiwa konveya inakwama mara 15 na kila kufungua kunataka spana na dakika 4, umeitaka zamu itoe saa nzima kwa ajili ya kinga, huku lengo la uzalishaji likiwa palepale. Watu wataivua, na ukweli ni kwamba hesabu yao ni sahihi. Kosa liko kwa aliyeacha konveya ikwame mara 15.

Kwa hiyo tibu kukwama: nyoosha mkanda, badilisha rola iliyokufa, punguza kimo cha mzigo. Kama sababu ni kupaka grisi, vuta mrija mwembamba wa shaba kutoka kwenye nipeli hadi nje ya kinga, grisi ipigwe mashine ikiwa imefunikwa. Kama ni kuona kazi, weka kinga ya wavu au ya plastiki ngumu ing'aayo. Kama ni usafi, tia bawaba na swichi ili ifunguke bila spana na mashine isimame yenyewe. Sumaku za kawaida zinaendelea kudanganywa? Weka sensa yenye msimbo, inayoitambua pea yake tu. Lakini hiyo iwe hatua ya mwisho, maana fundi anayekwamishwa na kazi atashinda sensa yoyote.

Grenda ya mkono inastahili aya yake, kwani ni mashine inayovuliwa kinga mara nyingi. Sababu inayotajwa ni "kona haifikiki." Sababu halisi mara nyingi ni jiwe, yaani diski inayokata au kusaga. Grenda ndogo imetengenezwa kwa jiwe la milimita 115 na huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Jiwe la 115 kwa kawaida limeruhusiwa hadi mizunguko 13,300, lipo salama. Jiwe la 180 limeruhusiwa 8,500 tu, na la 230 limeruhusiwa 6,600. Mawe yote hayo yana kikomo kimoja, kasi ya ukingo ya mita 80 kwa sekunde. Lifunge la 180 kwenye grenda ndogo, na halitaingia mpaka kinga ivuliwe. Ukingo wake sasa unakwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Likipasuka, vipande vinaruka kwa mwendo huo kuelekea tumbo na uso, na kile ambacho kingevizuia kiko sakafuni.

Kuna na ujanja wa kuchukua jiwe la 230 lililolika na kulimalizia kwenye grenda ndogo. Kipenyo kimepungua, ni kweli, lakini kilichochapwa kwenye jiwe bado ni 6,600, na jiwe lenyewe limeshachoka na pengine limeangushwa. Kabla ya kuwasha, soma namba mbili: ya jiwe na ya mashine. Ya jiwe iwe kubwa au sawa. Soma pia tarehe kwenye pete ya chuma ya katikati; mawe yaliyoshikanishwa kwa gundi ya resini yana mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3, na unyevu wa stoo huyaozesha bila kuonekana. Jiwe jipya liache lizunguke dakika moja bila kazi, wewe ukiwa hauko kwenye mstari wake.

Matengenezo ya dalili hii hayako karakana, yako stoo: mawe yapangwe kwa kipenyo, grenda kubwa iwepo, na anayekuja na grenda ndogo asipewe jiwe la 180.

## Dalili: "ni dakika mbili tu", kufuli haliwekwi

Kufuli hapa ni lile la kuziba swichi kuu ili mtu asiwashe mashine mwenzake akiwa ameingiza mkono. Kazi kubwa ya wiki nzima hufungwa kufuli vizuri. Mikono hukatika kwenye kazi za dakika mbili: kutoa kipande kilichokwama, kunyoosha mkanda, kufuta sensa. Thibitisha chanzo kwa miguu yako. Tembea kutoka kwenye mashine hadi kufuli zilipo, kisha hadi kwenye swichi kuu, kisha urudi, ukiwa na saa. Kama safari inachukua dakika 6 kwa kazi ya 2, umeshapata jibu. Vyanzo vingine: breka haina tundu la kufuli, kufuli ni za idara na funguo ziko tano, au kuzima mstari kunahitaji ruhusa ya mtu asiyepokea simu usiku.

Kila mtu apewe kufuli lake lenye jina lake na ufunguo mmoja tu, alibebe kiunoni. Breka isiyo na tundu iwekewe kishikio kinachonunuliwa tayari. Ruhusa ya kuzima iwe ya anayeingiza mkono.

Mpangilio wenyewe, bila kuruka:

1. Waambie wanaotegemea mashine kwamba inazimwa.
2. Zima kwa kitufe, kisha kata kwenye swichi kuu. Kitufe cha dharura si swichi kuu.
3. Kila anayeingia aweke kufuli lake, wakiwa watatu ziwe tatu.
4. Toa nguvu iliyobaki: hewa kwenye mitungi, presha ya mafuta, springi, kitu kilichoinuliwa ambacho kinaweza kushuka, na kapasita za draivu za mota, ambazo hubaki na chaji kwa dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko chake. Subiri dakika hizo.
5. Jaribu kuwasha. Kisha rudisha kitufe kwenye kuzima.
6. Kama unagusa waya: pima testa kwenye umeme unaojua upo, pima unapotaka kugusa, kisha rudi upime tena pale penye umeme. Testa iliyokufa na waya uliokufa husomeka sawasawa.

Hatua ya 5 hurukwa mara nyingi, na ndiyo inayogundua kwamba umefunga swichi ya mashine ya jirani.

## Dalili: ubao unasema siku 400 bila ajali, na hakuna taarifa za nusura ajali

Watu wengi wanauona ubao huo kama afya. Fundi wa hitilafu anauona kama kipimo ambacho mshale wake umekwama. Tarehe 20 Aprili 2010, siku mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka na kuua watu 11, wakubwa waliokuwa ziarani humo walikuwa wamekuja pia kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka 7 bila ajali ya kupoteza siku za kazi. Vidole vilivyobanwa vilihesabiwa vizuri. Presha ya kisima haikuwa kwenye hesabu hiyo.

Jaribio la haraka: fungua sanduku la huduma ya kwanza. Hesabu bandeji na plasta zilizotumika miezi mitatu iliyopita kwa kutazama risiti za kujazia, kisha linganisha na daftari la majeruhi. Plasta 90 kwa majeruhi wawili? Daftari linadanganya, na wanaolidanganya wana sababu. Angalia kama kuna bonasi ya timu inayopotea mtu mmoja akiripoti. Hiyo pekee inatosha kuwafanya wenzake wamfunge jeraha kimyakimya nyuma ya stoo.

Ondoa bonasi ya sifuri. Hesabu badala yake vitu viwili: nusura ajali (matukio yaliyokaribia kuumiza mtu) ngapi zimeripotiwa, na ngapi zimefungwa kwa matengenezo yanayoonekana. Taarifa zikipanda miezi ya kwanza, usishtuke wala usiwaite watu ofisini. Hatari hazijaongezeka, zimeanza kuonekana. Fomu iwe na maswali matatu tu: nini, wapi, kingetokea nini. Anayeripoti arudishiwe jibu kwa mdomo, na msimamizi wake, mbele ya wenzake. Jibu linaweza kuwa "hatutabadilisha, na sababu ni hii." Hilo linavumilika. Ukimya ndio unaomfanya asirudi tena.

## Dalili: kimya kinahesabiwa kuwa "sawa"

"Kama kungekuwa na tatizo wangeniambia." Ukiisikia sentensi hiyo, simamisha kazi, maana kuna mtu anayesubiri kuambiwa na mwingine anayedhani haikuwa kazi yake kusema. Feri ya Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987 milango yake ya mbele ikiwa wazi. Aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala. Nahodha hakuwa na taa ya kumwonyesha hali ya milango, na mazoea yalikuwa kwamba asiposikia kitu, mambo yapo sawa. Walikufa watu 193.

Rekebisha kwa kugeuza taarifa: kazi isianze mpaka mtu aseme "imefungwa" na aliyeambiwa arudie "imefungwa." Penye mlango, vali au pini muhimu, weka taa au alama inayosomwa kutoka pale anapokaa mwendeshaji.

Makabidhiano ya zamu ni ndugu wa tatizo hili. Kwenye mtambo wa mafuta na gesi wa baharini wa Piper Alpha, tarehe 6 Julai 1988, pampu ilikuwa imetolewa vali yake ya usalama na kuzibwa kwa flanji ya muda. Zamu ya usiku haikulijua hilo, ikaiwasha, gesi ikavuja na kulipuka, na watu 167 wakafa. Makabidhiano yafanyike mbele ya mashine, si getini, wote wawili wakiwa wameshika daftari moja, na kibali cha kazi ambayo haijaisha kining'inie kwenye swichi ya kuwashia. Dakika 10 za kupishana zilipwe. Zisipolipwa zitafanyika kwenye ngazi, mmoja akipanda na mwingine akishuka.

## Mazoea ya zamani yanayovaa sura ya usalama

Haya ni magumu kuliko uzembe, kwa sababu anayeyafanya anaamini anajilinda.

Kunusa gesi. Kabla ya kuingia kwenye tanki au shimo, mtu anachungulia, ananusa, anasema "hakuna kitu." Kaboni monoksidi haina harufu kabisa. Haidrojeni salfaidi hunuka yai bovu ikiwa kidogo, lakini ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni inaua uwezo wa kunusa, kwa hiyo harufu kupotea kunaweza kuwa na maana kwamba imezidi. Na upungufu wa oksijeni hauna harufu wala maumivu. Mtu huanguka tu. Tumia kipima gesi kilichokaguliwa siku hiyo: oksijeni kwanza, kati ya asilimia 19.5 na 23.5, kisha gesi inayoweza kulipuka, kisha yenye sumu. Pima juu, katikati na chini, kila mita 1.2 hivi, kwa sababu gesi nyingine huelea na nyingine hukaa chini. Kushusha mshumaa au kuku ili kupima hewa ni mambo ya kuachana nayo. Na mtu akianguka ndani, anayefuata bila mtungi wa hewa anaongeza maiti. Mwenye kusimama mlangoni kazi yake ni kuita na kuvuta kamba, si kuingia.

Mkanda wa usalama kwenye kimo kidogo. Mtu anafanya kazi kwenye jukwaa la mita 4, amejifunga kamba ya mita 2 yenye kifyonza mshtuko kwenye bomba lililo usawa wa miguu yake, na kila mtu ameridhika. Piga hesabu kuanzia pale ndoano ilipofungwa: kamba mita 2, kifyonza kinaweza kufunguka hadi mita 1.75, kutoka pete ya mgongoni hadi miguuni mita 1.5, na nafasi ya akiba mita 1. Jumla ni mita 6.25. Atagonga sakafu kabla kamba haijamaliza kazi. Hapo panahitaji vizuizi vya pembeni, au kamba fupi isiyomruhusu kufika ukingoni, au kufunga juu ya kichwa kwa kifaa kinachojivuta chenyewe. Na popote mkanda unapotumika, jibu liwepo mapema: akining'inia, nani anamshusha, kwa kifaa gani, ndani ya dakika chache? Kuning'inia bila kusogea kunazuia damu miguuni na kunaweza kuua mtu asiye na jeraha.

"Nimezoea kelele." Hapana, umepoteza masikio. Kikomo kinachotumiwa sana ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda nusu: 88 ni saa 4, 94 ni saa 1, 100 ni dakika 15. Jaribu hivi: asubuhi weka redio kwa sauti ya chini ambayo bado unaelewa maneno, uiache hapohapo. Ukiiwasha baada ya zamu na maneno hayaeleweki, kelele imekuumiza leo. Viziba masikio vya sponji vilivyochomekwa nusu ni mapambo. Visokote viwe vyembamba, pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia sekunde 30. Mtu akikutazama kwa mbele asivione.

Mengine kwa kifupi. Mkanda wa mgongo haujathibitishwa kumkinga mtu mwenye mgongo mzima asiumie. Punguza uzito wa mzigo na kimo anachoinama. Kupuliza vumbi kwenye nguo kwa hewa ya kompresa kunalirusha mapafuni na kunaweza kuingiza hewa chini ya ngozi. Tumia mashine ya kuvuta vumbi. Kufagia vumbi la zege likiwa kavu ni hivyohivyo, lowesha kwanza, na ukikata zege mwaga maji kwenye jiwe. Dawa ya meno kwenye kidonda cha moto inafungia joto ndani: maji baridi yanayotiririka, dakika 20, hakuna barafu. Ngazi ya kuegemeza iwe mita 1 mbali na ukuta kwa kila mita 4 za kimo, na ipite juu ya sehemu ya kushukia kwa mita 1 hivi.

## Dalili: mzoefu ndiye anayeruka hatua, na wanafunzi wanamwiga

Kumkemea mbele ya vijana kunavunja kila kitu. Yeye ana ushahidi wa miaka 20 bila jeraha, wewe una karatasi. Mpe kazi nyingine: aandike yeye hatua za kazi hiyo kwa ajili ya mgeni atakayeanza Jumatatu, na kila hatua aeleze ikirukwa kinaharibika nini. Muulize pia, mkiwa wawili, ni lini ajali ilikaribia kumpata. Wazoefu wote wana siku hiyo, na wakiisimulia vijana husikia kuliko semina yoyote.

Kwa mikono iliyozoea mno, ongeza kuonyesha na kutamka, kama wafanyavyo wa reli za Japani: unanyoosha kidole kwenye vali, unatazama, unasema kwa sauti "vali namba mbili, imefungwa." Taasisi ya utafiti wa reli ya huko ilipima ikaona makosa yakishuka kutoka 2.38 hadi 0.38 kwa kila vitendo 100. Siku za mwanzo watu wataona aibu na watacheka. Itumie kwenye vitendo vitatu au vinne tu vya hatari; ukiieneza kwa kila kitu itakuwa wimbo, na wimbo huimbwa bila kuangalia.

## Dalili imetengenezwa, kisha ikarudi

Rudi uangalie baada ya wiki 2, kisha wiki 8, bila kutangaza. Ikirudi kila mahali, matengenezo yako yalikuwa tangazo tu. Ikirudi mwisho wa mwezi pekee, tazama lengo la uzalishaji na nani anapigiwa simu likikosekana. Ikirudi kwenye king'ora, yaani kinalia na hakuna anayegeuka, hesabu mara ngapi kimelia bure wiki hiyo na utengeneze sensa yake kabla ya kumsemesha mtu yeyote.

Ikirudi usiku peke yake, usiende kwanza kwa wafanyakazi wa usiku. Ulizia ufunguo wa stoo ya kufuli, glavu na mawe ya grenda uko wapi baada ya saa 12 jioni. Mara nyingi uko mfukoni mwa mtu aliyekwishalala nyumbani kwake.